Daktari wa Zabibu

Sehemu ya tano

Kwa aliyefungia maandazi ukurasa wa Jumapili iliyopita, naifupisha aibu yangu.

Naitwa Anord. Usharika mzima ulinisindikiza kwenda Ujerumani kusomea udaktari. Mtihani wa kuingilia ukanishinda. Nikaurudia, ukanishinda vizuri zaidi. Nikapata nafasi kwenye kozi nyingine: kilimo cha zabibu na utengenezaji wa mvinyo. Nyumbani, huko juu upande wa Kwai, sikumwambia mtu. Baba yangu, Mwinjilisti Zabron, amehubiri dhidi ya pombe kwa miaka thelathini na nne. Niliona si adabu kumkatiza.

Kwa hiyo huu ni mwaka wa tatu naitwa daktari.

Mwaka huu chuo kimetuleta Morogoro, wanafunzi kumi na wawili, kwa mafunzo ya miezi miwili. Nyumbani wanajua niko Ujerumani, wodini, natembea na kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Ndipo Profesa wetu, kwa ukarimu wake, akatutangazia zawadi ya wikendi: safari ya kwenda kuona shamba la zabibu la watawa katika milima ya Usambara.

Dunia nzima ina mashamba ya mvinyo. Hilo liko nusu saa kwa pikipiki kutoka mlangoni kwa baba yangu.

Tulipoachana nilikuwa nashuka kwenye basi dogo, Jumamosi saa tatu asubuhi, nimevuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na nimevaa miwani ya jua. Kwenye ukungu wa Juni. Mtu asiyetaka kuonekana hajawahi kuonekana vizuri namna ile.

“Onga maundo, Daktari!”

Salamu hiyo ya asubuhi ya Kishambaa ilitoka nyuma ya mapipa. Sikugeuka. Nilijifanya nasoma kibao cha kukataza kuvuta sigara.

“Daktari Anord! Ni mimi, Salvatory!”

Salvatory nilisoma naye sekondari. Ni Mkatoliki, ana mabega kama kabati, na sauti yake haijui kunong’ona. Sasa ndiye msimamizi wa stoo ya mvinyo ya watawa. Shamba lenyewe silitaji jina, maana watawa wale hawakunikosea kitu.

“Mgosi, punguza sauti,” nikamwambia huku ananikumbatia. “Umenijuaje?”

“Kwa mgongo. Unatembea kama mzee Zabron. Umerudi lini? Mzee anajua?”

“Bado. Nataka kumshtua.”

Katika yote niliyoyasema siku hiyo, hilo ndilo lilikuja kuwa kweli.

Profesa akasogea. Ni mama wa Kizungu, mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, na Kiswahili chake cha Morogoro ni safi kuliko changu. “Kwa nini anakuita daktari?”

“Ni heshima ya huku, Profesa. Mtu akisoma sana, wanamwita hivyo.”

“Inapendeza,” akasema, akaandika kwenye daftari lake. Ipo siku nitaisoma kwenye kitabu, pamoja na jina langu.

Tukaanza kupanda kwenye matuta ya mizabibu. Profesa alikuwa mbele anaeleza habari za udongo na baridi. Mimi nilikuwa nyuma, natibu.

Salvatory alikuwa ameshatangaza. Mama mmoja wa jikoni alinionyesha goti. Mzee wa bustanini alinikoholea usoni ili nisikie mwenyewe. Dada mmoja alikuwa na shida ya usingizi na mumewe.

“Wewe humpi nafasi, au yeye ndiye hataki?” nikauliza, kwa sababu nilidhani daktari lazima aulize kitu.

“Anakoroma, Daktari. Mimi ndiye silali.”

Wote watatu niliwaambia wanywe maji mengi na waende hospitali. Hayo ndiyo matibabu niliyoyatoa kwa simu kwa miaka yote mitatu: maji mengi, hospitali. Sikuwahi kumtajia mtu dawa. Nilijiona mwongo msafi, mwongo asiye na madhara. Kama kungekuwa na cheti cha waongo wa namna hiyo, ningekitundika ukutani.

“Wanakuuliza nini?” Profesa akapaza sauti.

“Wanauliza kama zabibu zitakubali huku!”

“Waambie zimeshakubali! Wanazikanyaga!”

Saa tano tulikaa kuonja. Glasi nne kila mmoja, na kopo la kutemea. Nilikuwa ndiyo kwanza nimezungusha ya kwanza na kuipeleka puani, macho nimefumba kama nilivyofundishwa, niliposikia pikipiki inazima injini mbele ya mlango.

Nikafumbua macho. Dada yangu Modesta alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Salvatory alikuwa nyuma yake, anang’aa. “Nimempigia! Nikasema dada mtu asipitwe na furaha hii!”

Nikaweka glasi chini. “Shikamoo, dada.”

“Marahaba.”

Nilisubiri swali. Nilikuwa na majibu sita tayari, mengine mazuri sana. Modesta hakuuliza niko Tanzania tangu lini. Hakuuliza wale wazungu ni nani, wala nilikuwa nanusa nini. Aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema, “Twende nyumbani. Tate hawezi kukanyaga chini.”

Tate ndiye baba. Ndivyo tunavyomwita kwa Kishambaa.

“Ana nini?”

“Kile kidonda.”

“Kidonda gani?”

Hapo Modesta akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. “Cha kidoleni. Nilikupigia mwezi wa pili. Wewe si ndiye uliyesema aoshe kwa maji ya chumvi, kitapona?”

Wasomaji, naomba mniamini hapa, ingawa sijawapa sababu: nilikuwa nimesahau. Nilipojilazimisha, nikakumbuka. Ilikuwa siku ya mtihani wa kuonja. Simu ilitetemeka mfukoni, nikatoka nje kwenye ukumbi, msimamizi ananiangalia kupitia kioo. Modesta akasema Tate ana kidonda kwenye kidole cha mguu, kina wiki mbili. Siku hiyo sikusema maji mengi. Sikusema hospitali. Nilikuwa na haraka, nikasema, “Maji ya chumvi, mara tatu kwa siku, kitapona.” Nikarudi ndani.

Mtihani ule nilipata alama za juu kabisa darasani.

“Na bado anaosha?” nikauliza.

“Njoo uone,” akasema Modesta.

* * *

Tate alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti chake, mguu wa kulia juu ya stuli, umefunikwa kwa kitenge. Amekonda. Shati lake la kanisani lilimning’inia kama la mtu mwingine. Lakini aliponiona alijaribu kusimama, mwinjilisti mzima, amwinukie mtoto.

“Daktari!”

“Shikamoo, Tate. Kaa, kaa.”

“Marahaba, marahaba! Modesta, umemwona? Nilikwambia. Nilikwambia kuwa atakuja mwenyewe!” Machozi yalimlengalenga. “Hawa wamenisumbua niende hospitali. Mchungaji kaja mara mbili. Nikawaambia, mimi nina daktari wangu, yuko Ujerumani, ameshanipa maelekezo. Niende kumdharau mwanangu kwa nini?”

Nikafunua kitenge.

Sitaeleza. Wengine mnasoma mkiwa mnakula. Nitasema tu kwamba kidonda hakikuwa cha kidole tena, kilikuwa kimefika kwenye kifundo, na kwamba kando ya stuli palikuwa na beseni la plastiki na pakiti ya chumvi iliyokunjwa mdomo vizuri, kama mtu anavyokunja kitu anachokiheshimu.

“Mara tatu kwa siku,” akasema Tate. “Asubuhi, mchana, jioni. Miezi minne. Sijakosa hata siku moja.”

Alisema hivyo kwa fahari. Alikuwa anasubiri nimsifu.

Nimedharauliwa na watu wengi katika masomo yangu, na nikavumilia. Kuaminiwa namna ile sikuweza. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Modesta akanifuata. “Mwambie aende hospitali,” akasema kwa sauti ya chini. “Wewe atakusikia. Ingia, mwambie.”

Nikaingia. “Tunakwenda hospitali. Sasa hivi.”

“Sawa,” akasema.

Ni hivyo tu. Miezi minne mchungaji na majirani walimbembeleza, mimi nilitumia maneno manne. Akaniuliza wapi Biblia yake na koti, na akanilaumu kidogo: “Kwa nini hukusema mapema?”

Gari lililopatikana lilikuwa la nani? La watawa, bila shaka. Salvatory alikuja na pikapu ya shamba, nyuma ina kreti za chupa tupu, ubavuni imechorwa kishada cha zabibu kikubwa kama mtoto mchanga. Na kwenye kiti cha mbele, kwa kuwa wikendi yangu ilikuwa haijapata mashahidi wa kutosha, alikaa Profesa.

“Nimesikia baba yako anaumwa,” akasema. “Siwezi kukaa naonja mvinyo.”

“Profesa, usingehangaika.”

“Sihangaiki. Nimekuja.”

Tukampakia Tate siti ya nyuma, kati yangu na Modesta. Chupa zikaanza kugongana kila kona.

“Salvatory,” akasema Tate, “huo mlio ni wa nini?”

“Ni vyombo vya watawa, mzee.”

“Vya ibada?”

Salvatory alifikiri kona nzima. “Baadhi,” akasema.

Profesa akageuka nyuma akatabasamu. Niliona linakuja. Hakuna mahali pa kujificha kwenye pikapu.

“Mzee, hongera kwa mwanao,” akasema. “Nimefundisha miaka mingi. Pua kama yake nimekutana nayo mara mbili tu.”

“Pua?” akauliza Tate.

“Pua na ulimi. Anaonja mara moja tu, na anajua kila kitu.”

Tate akanigeukia. “Daktari anaonja nini?”

“Dawa, Tate,” nikasema. “Ulaya dawa inaonjwa kwanza.”

Profesa akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mwanamke yule si mjinga. Kuanzia hapo hakusema neno mpaka mjini, na ukimya wake ulichukua nafasi kubwa kuliko Salvatory.

Tate akanipiga piga goti. “Kazi ngumu hiyo,” akasema. “Mungu akulinde ulimi.”

* * *

Hospitalini tulipokelewa na Daktari Shamsa, binti wa umri wangu, mwenye hijabu ya kijivu na mikono isiyotetemeka. Alimsalimia Tate shikamoo, akafunua mguu, akapima sukari kwa kidole. Mashine ikaandika ishirini na nane.

“Mzee, ulijua una kisukari?”

“Sijui hayo. Muulize mwenzako,” akasema Tate, akaninyooshea kidole kwa furaha. “Naye ni daktari. Wa Ujerumani.”

Daktari Shamsa akanitazama viatu, vilivyojaa udongo wa mizabibu, kisha uso. “Karibu, Daktari. Mapigo ya damu ya juu ya unyayo umeyaonaje?”

“Yapo,” nikasema. “Si mabaya.”

“Hayapo kabisa,” akasema. Akanitoa nje, akabaki robo saa akimhoji Tate na kumweleza, kisha akanifuata.

Kwenye korido hakuzunguka. “Wewe si daktari.”

“Si daktari.”

“Nani alimwambia maji ya chumvi miezi minne?”

Nikatazama viatu vyangu. Akaelewa, na afadhali angenitukana.

“Sikiliza,” akasema. “Mguu umeoza na sumu imeanza kuingia kwenye damu. Tunaukata chini ya goti leo hii. Tukichelewa, hatutakuwa tunazungumzia mguu. Nimemweleza. Anasema hatii saini mpaka mwanawe daktari aseme.”

“Basi nitamwambia atie. Atanisikia. Maneno manne tu.”

“Ukiwa nani?”

“Vipi?”

“Ukimwambia ukiwa nani? Saini ya mtu aliyedanganywa siichukui. Huo ni mguu wake. Ingia umwambie wewe ni nani, kisha atie saini au akatae akiwa anajua.” Akatazama saa. “Saa nane na nusu sasa. Chumba cha upasuaji kinanisubiri saa tisa.”

Kwa miaka mitatu niliukimbia ukweli kwa sababu ungeniharibia jina. Sasa nilikuwa na sababu bora kuliko zote: ungemuua baba yangu. Uongo wangu ungemwokoa, na hapa nimempata daktari mmoja nchi nzima asiyetaka msaada wangu.

Nikaingia. Modesta alikuwa amesimama dirishani. Tate alikuwa ameweka fomu juu ya Biblia, kalamu mkononi, mtiifu.

“Haya, Daktari. Niambie. Wakate?”

“Tate, mimi si daktari.”

Alitabasamu. “Una maana hujamaliza.”

“Sijaanza. Mtihani ulinishinda. Nasomea mvinyo. Kulima zabibu, kukamua, kuonja. Yule mama ni mwalimu wangu wa mvinyo. Gari lile ni la mvinyo.”

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, tukakisikiliza kinapita mpaka mwisho.

“Mvinyo,” akasema.

“Ndiyo, Tate.”

Nilijiandaa kwa hubiri la miaka thelathini na nne. Lingenifaa. Lakini hakusema lolote juu ya pombe. Aliutazama mguu wake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza njia:

“Na ile chumvi?”

“Nilibahatisha, Tate. Nilikuwa kwenye mtihani. Nilitaka kukata simu.”

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuitikia, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Nilikuwa naamka kabla ya jua kuchemsha maji,” akasema. “Nikawa naomba nikiosha. Naliombea jina lako.”

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikasema nisamehe, nikasema mguu lazima ukatwe, nikasema huyu Daktari Shamsa ni wa kweli, muamini yeye. Nilisema yote kwa pamoja na hakuna lililosikika vizuri.

Tate hakuniangalia. Akachukua fomu akamnyooshea Modesta.

“Mimi nimeamuliwa na mwongo miezi minne,” akasema. “Sasa aamue mtoto wangu asiyenidanganya. Modesta, soma. Ukisema wakate, natia saini. Ukisema hapana, tunarudi nyumbani.”

Saa tisa kasoro kumi. Nikamtazama dada yangu kwa macho yote mawili: sema, Modesta, sema wakate, ni neno moja tu.

Modesta aliipokea fomu. Hakuisoma. Alianza kulia bila sauti.

“Tate, siwezi,” akasema.

“Soma, mwanangu.”

“Siwezi, kwa sababu nilijua.” Akajifuta kwa ncha ya kanga. “Mwezi wa nne niliona picha yake kwenye simu ya Happiness wa kwaya. Ameshika glasi, nyuma yake kuna mapipa. Nikauliza, nikaambiwa anachosomea. Nikarudi nyumbani kukwambia, nikakukuta unaosha mguu na unaimba. Nikasema kesho. Kila siku nikasema kesho.”

Miezi miwili. Sasa nilielewa kwa nini pale shambani hakuniuliza nilikuwa nanusa nini.

Tate akamtazama yeye, akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu akihesabu watoto wake na kupata sifuri.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Shamsa aliingia, nyuma yake wauguzi wawili na kitanda cha magurudumu. “Mzee, tumefikia wapi?”

Tate akampokonya Modesta fomu, akaiweka kifuani, akaifunika kwa kiganja.

“Daktari,” akasema.

Wawili tuligeuka. Mungu anisamehe, na mimi niligeuka.

“Si wewe,” akasema Tate, bila kunitazama. Kisha akamwambia Daktari Shamsa, kwa ile sauti yake ya madhabahuni ambayo sikuisikia tangu niingie nyumbani: “Binti yangu, watoe hawa wawili nje. Nina neno na wewe, na wasilisikie.”

Muuguzi akatushika mabega. Profesa na Salvatory waliinuka kwenye benchi la korido walipotuona. Nyuma yetu mlango ukafungwa, kisha nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Itaendelea Jumapili ijayo.